Amplifaya ya valvu na majirani zake: kupanga vifaa vya muziki bila mvumo

Ukikuta amplifaya ya valvu (kikuza sauti kinachotumia mirija ya kioo badala ya transista) imebebeshwa kicheza santuri juu ya kizimba chake, deki ya CD iko chini yake na rauta ya Wi-Fi ubavuni, usishangae spika zikivuma kabla hata wimbo haujaanza. Wengi hapo hukimbilia kununua kebo za bei mbaya. Mara nyingi dawa ni kusogeza kitu nusu mita, kukigeuza robo duara, au kuhamisha plagi moja. Ila ujue unasogeza nini na kwa nini, la sivyo utahamisha kabati zima na mvumo ubaki palepale.

Tutafuata mfano mmoja wa kawaida: amplifaya ya stirio yenye valvu nne kubwa za EL34 zinazosukuma spika na tatu ndogo za ECC83 za kuingizia sauti, kicheza santuri chenye katriji (kichwa chenye sindano) ya MM, yaani ya sumaku inayosogea, kisanduku cha fono (kikuza sauti ndogo ya katriji) kinachojitegemea, deki ya CD, televisheni yenye king'amuzi, na kompyuta mpakato. Namba ni za umeme wa 230 V, 50 Hz, yaani wa Afrika Mashariki na nchi nyingi za Ghuba. Aliye Marekani au Kanada aweke 60 tunapoandika 50, na 120 tunapoandika 100.

Nani anasumbua, nani anasumbuliwa

Transfoma ya umeme ya amplifaya hii hupandisha volti hadi 400 na zaidi kwa ajili ya anodi (bamba la ndani ya valvu), na kuzishusha hadi 6.3 kwa ajili ya filamenti (nyuzi zinazoipasha valvu joto). Filamenti ya EL34 moja hula ampea 1.5, kwa hiyo nne zinakula ampea 6. Mzigo huo wote hupita kwenye transfoma ambayo, kwa amplifaya nyingi za valvu, imetengenezwa kwa bati za umbo la E na I. Aina hii huvujisha uga wa sumaku mwingi kuliko ile ya mviringo, yenye umbo la kata ya kubebea ndoo. Uga huo unacheza mara 50 kwa sekunde, na waya au koili yoyote iliyo karibu huupokea na kuugeuza kuwa umeme.

Sasa tazama upande wa pili. Deki ya CD hutoa takriban volti 2. Katriji ya MM hutoa milivolti 5 hivi, na ya MC ya kawaida, yaani ya koili inayosogea, milivolti 0.3 hadi 0.5. Fono hukuza sauti ya katriji ya MM kwa desibeli 40, yaani mara 100, ikipimwa kwenye 1000 Hz. Lakini santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, na kazi ya fono ni kuirudisha, kwa hiyo kwenye 50 Hz inaongeza desibeli 17 nyingine. Jumla ni kama mara 700. Mikrovolti 10 tu za mvumo zikiingia kwenye waya wa katriji, zinatoka kwenye fono zikiwa milivolti 7, na hizo utazisikia umekaa kwenye kochi. Mikrovolti 10 hizohizo zikiingia kwenye kebo ya deki ya CD, hakuna atakayejua.

Ndiyo maana kauli ya “vifaa vyote vikae mbali na valvu” haisaidii sana. Deki ya CD inaweza kuishi jirani na transfoma bila taabu. Katriji, fono, kichwa cha deki ya kaseti, maikrofoni na pikapu ya gitaa haviwezi.

Tega sikio kwanza

Kabla ya kushika chochote, tambua unasikia nini.

Mvumo mzito, laini, usio na ncha, ni 50 Hz. Mpiga gitaa la besi ataujua mara moja: uko karibu sana na noti ya G kwenye freti ya tatu ya uzi mnene. Huu kwa kawaida ni uga wa sumaku unaonaswa na katriji au kebo, au ni filamenti za amplifaya yenyewe.

Mlio wa 100 Hz uko oktava moja juu, sawa na uzi mwembamba wa besi ukipigwa bila kubanwa. Ukiwa na ukali kama nyuki kwenye mzinga, fikiria kapasita za pawa zilizochoka, dima ya taa, au regyuleta ya feni. Kitanzi cha ethi, ambacho tutakifikia, huchanganya zote mbili: chini kuna mvumo, juu kuna nyuki.

Sauti ya “dit-dit-dit, dit-dit-dit” sekunde chache kabla simu haijaita ni simu yenyewe. Mtandao wa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, 217 kila sekunde, na saketi ya kwanza ya amplifaya huvigeuza kuwa sauti. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya cha kompyuta unatoka kwenye kompyuta. Pwaa moja friji inapozima ni friji.

“Shhh” ya mbali, isiyobadilika popote unaposogeza vitu, ni valvu zinavyopumua. Hiyo iache.

Kuna pia mvumo ambao hautoki kwenye spika kabisa. Weka sikio karibu na amplifaya: ikiwa bati za transfoma ndizo zinazotetema, kebo na ethi hazihusiki. Kipande cha mpira chini ya miguu ya amplifaya na rafu isiyo na mwangwi vitasaidia zaidi.

Upimaji: hatua saba

Andaa plagi mbili za RCA (zile za kebo za sauti, nyekundu na nyeupe), waya mfupi, chuma cha kulehemu risasi, multimita, sumaku ya kubandika kwenye friji, na kipande cha kebo ya RCA cha mita 1. Kwenye kila plagi lehemu waya kutoka pini ya katikati hadi kwenye ganda la nje. Hizi tutaziita plagi kimya: zinafunga mlango wa kuingilia ili amplifaya isisikie kitu chochote. Ziende kwenye milango ya kuingizia sauti tu. Usizichomeke kamwe mahali pa kutolea.

Onyo mbili kabla ya kuanza. Usiwashe amplifaya ya valvu ikiwa spika hazijaungwa; bila mzigo, volti kwenye transfoma ya kutolea sauti hupanda hadi kuiunguza. Na kila unapochomoa au kuchomeka RCA, shusha sauti hadi mwisho. Pini ya katikati hugusa kabla ya ganda la nje, na kwa kitambo hicho kidogo spika hupokea ngurumo inayoweza kupasua twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu.

1. Chomoa vifaa vyote kwenye amplifaya, kebo za sauti na za umeme pia. Bakiza spika tu. Washa, subiri dakika 5, sauti ikiwa chini kabisa. Mvumo unaousikia hapa ni wa amplifaya na si wa majirani.

2. Weka plagi kimya, kisha pandisha sauti hadi pale unaposikilizia muziki. Mvumo ukizidi, tatizo liko kwenye hatua ya kwanza ya amplifaya, mara nyingi ECC83 au filamenti zake. Badilishana ECC83 ya kulia na ya kushoto, amplifaya ikiwa imezimwa na valvu zimepoa. Mvumo ukihama upande, umempata mhusika.

3. Ondoa plagi kimya, unga deki ya CD peke yake. Sikiliza. Iondoe, unga king'amuzi peke yake. Endelea hivyo. Usiunge viwili kwa pamoja, hata kama unaona unachelewa.

4. Kifaa kikileta mvumo, kiache kimeungwa kwa RCA lakini chomoa plagi yake ya umeme ukutani. Mvumo ukikatika, una kitanzi cha ethi au pawa ya kifaa hicho ni mbovu. Mvumo ukibaki, kebo ya sauti inanasa uga wa sumaku, au msuko wake wa nje (waya zilizosukwa kuizunguka kebo) umekatika.

5. Unga kicheza santuri na fono. Bila santuri, na sahani ikiwa imesimama, shika mkono wa sindano na uusogeze polepole kutoka kwenye kilalio chake hadi katikati ya sahani, bila kugusa chini. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri mkono unavyosogea, katriji inanasa uga. Ukibaki sawa popote mkono ulipo, tafuta kwenye fono, kebo au ethi.

6. Fono ikiendelea kuwa na umeme kutoka soketi nyingine, zima amplifaya ukutani huku umetega sikio. Valvu hubaki na joto na kapasita hubaki na chaji kwa sekunde chache, kwa hiyo amplifaya haifi papo hapo. Mvumo ukikatika mara tu unapozima, chanzo ni transfoma au filamenti za amplifaya hiyohiyo. Ukififia taratibu pamoja na valvu, unaletwa na kifaa kingine. Ni jaribio la sekunde tano, na halikugharimu hata senti.

7. Andika matokeo kwenye karatasi. Baada ya kuchomoa na kuchomeka mara ishirini, hakuna anayekumbuka.

Kupanga: umbali, upande, na kugeuza

Uga wa transfoma hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu yake hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Kutoka sentimita 20 hadi 40 ni faida kubwa sana. Kutoka mita 2 hadi mita 4 hutaona tofauti, kwa sababu mvumo ulishakwisha zamani. Kwa hiyo pigania sentimita za kwanza.

Amplifaya ipewe rafu yake ya juu kabisa, au kigoda chake pembeni. Usiweke chochote juu yake. Sumaku ni sababu moja, joto ni nyingine. Ngozi ya kioo cha EL34 inaruhusiwa kufikia 250 °C, na filamenti za nne peke yake hutoa wati 38, mbali na joto la anodi. Kapasita za elektroliti ndani ya kifaa kilichowekwa juu hupoteza kama nusu ya maisha yao kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Santuri nazo hujikunja. Acha nafasi wazi ya sentimita 30 juu na 15 kila ubavu. Kabati la kioo lenye mlango ni zuri kwa vyombo vya wageni. Kwa valvu ni tanuri.

Deki ya CD ikae rafu ya chini yake, ikiwa na sentimita 15 hivi za hewa katikati. King'amuzi pia kinaweza kukaa huko, ingawa kwa ethi kina vituko vyake.

Kicheza santuri ndicho kinachohitaji akili. Weka angalau sentimita 60 kati ya katriji na transfoma ya umeme ya amplifaya. Mita moja ni bora. Na kama vinakaa kwenye rafu moja ndefu, kicheza santuri kiwekwe kulia kwa amplifaya. Mkono wa sindano karibu siku zote uko upande wa kulia wa mashine, na katriji husafiri kati ya ukingo wa kulia na katikati. Ukiiweka mashine kushoto kwa amplifaya, umeipeleka katriji mdomoni mwa transfoma. Ukiiweka kulia, umepata sentimita 20 za bure bila kununua meza mpya.

Kisanduku cha fono kikae upande wa mbali wa kicheza santuri, si nyuma ya amplifaya ambako watu hupenda kukificha. Amplifaya nyingi za valvu zina transfoma zote nyuma, valvu mbele. Nyuma ndiko pabaya zaidi.

Kisha kigeuze. Shika kisanduku cha fono mkononi, kebo zikiwa zimechomekwa na sauti iko juu kiasi, ukizungushe polepole kama mtu anayetafuta stesheni kwa antena ya redio ya mkulima. Kuna pembe ambapo mvumo unazama. Koili hunasa uga unaopita katikati yake. Ukiilaza ili uga upite ubavuni, hainasi. Ukipata pembe hiyo, weka alama kwa penseli kwenye rafu. Pawa ya fono yenyewe, ile adapta yake nyeusi, iende sakafuni au ukutani, isilale juu ya kisanduku inachokilisha.

Deki ya kaseti ichukuliwe kama kicheza santuri. Kichwa chake ni koili ndogo inayotoa chini ya milivolti moja.

Chuma gani kinazuia, kipi kinadanganya

Watu huweka bati la alumini kati ya vifaa, hata kifuniko cha sufuria, kisha hushangaa mvumo uko vilevile. Kwenye 50 Hz, uga wa sumaku unahitaji unene wa milimita 12 hivi za alumini, au 9 za shaba, ili upungue hadi kama theluthi. Bati la milimita moja haufahamu kabisa. Alumini inafaa kwa mawimbi ya redio na kwa kelele za volti, si kwa sumaku ya transfoma.

Kinachofanya kazi ni chuma kinachovutwa na sumaku. Toa ile sumaku ya friji: ikishika, bati hilo litasaidia; ikianguka, liache. Chuma cha pua cha masinki mengi hakishiki. Bati la chuma laini la milimita 1.5 hadi 2, lililokatwa kubwa kuliko kisanduku cha fono kwa sentimita 5 kila upande na kusimamishwa wima kati ya fono na amplifaya, hupunguza mvumo kwa kiasi unachokisikia. Liungwe na ethi kwa waya mmoja, lipakwe rangi lisishike kutu. Ipo aloi ya nikeli inayoitwa mu-metali ambayo hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini ukiipinda au kuigonga nyundo hupoteza uwezo wake mpaka ichomwe upya kwenye tanuri maalumu. Haifai kwa fundi wa nyumbani.

Kwa ECC83 za kuingizia sauti, vile vikopo vya chuma vinavyofunikwa juu ya valvu hugharimu kidogo na husaidia. Usivivalishe EL34, zitapikika.

Waya: ziachane, zikipishana ziwe msalaba

Nyuma ya rafu, waya za umeme zipite upande mmoja na kebo za sauti upande mwingine, sentimita 15 kati yao. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba, si kusindikizana. Usizifunge pamoja kwa tepu ili nyuma paonekane nadhifu; nyuma nadhifu namna hiyo ndiyo inayovuma.

Kebo ya ziada usiizungushe kama kamba ya ng'ombe. Mzunguko ni koili, na koili ni antena ya sumaku. Ikunje kwa umbo la nane, au nunua fupi. Mita 0.5 hadi 1 inatosha kati ya rafu mbili. Kebo ya kicheza santuri ina sababu ya pili ya kuwa fupi: kila mita huongeza pikofaradi 100 hivi, na katriji nyingi za MM zinataka jumla ya 150 hadi 300. Ukizidisha, sauti za juu hubadilika, na utalaumu sindano bure.

Kebo za kulia na kushoto zikae zimeshikana mwanzo hadi mwisho. Zikiachana njiani, eneo kati yao hugeuka kuwa kitanzi kikubwa kinachonasa uga. Ni jambo dogo ambalo hata watu wenye vifaa vya gharama hulisahau.

Waya mwembamba wa ethi kutoka kwenye kicheza santuri, wenye ncha ya uma, uungwe kwenye skrubu ya fono iliyoandikwa GND. Usipouunga, chuma cha mkono wa sindano kinaelea, na ukiugusa mvumo hubadilika. Ukiuunga kwingine, kwa mfano kwenye chasisi ya amplifaya, unaweza kutengeneza kitanzi kipya.

Kitanzi cha ethi

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Amplifaya ya valvu iliyotengenezwa sawasawa ina plagi ya pini tatu, na chasisi yake imeungwa na ethi ya nyumba. Kompyuta mpakato yenye chaja ya pini tatu nayo imeungwa na ethi. Ukiziunganisha kwa RCA, msuko wa nje wa kebo unakuwa njia ya pili kati ya ethi mbili. Sasa kuna duara kamili: soketi, waya, kifaa, kebo, amplifaya, waya, soketi. Uga wowote unaopita katikati ya duara husukuma mkondo, na mkondo huo ukipita kwenye msuko hujichanganya na muziki, kwa sababu msuko huo ndio njia ya kurudia ya muziki.

Kuna ushauri mtaani wa kukata pini ya ethi ya amplifaya. Mvumo utaondoka kweli. Lakini siku insulesheni ya transfoma ikichoka, chasisi nzima, ganda la kila RCA na mkono wa kicheza santuri vitakuwa na volti 230 au 400, vikisubiri mkono wako. Usikate. Usibandike tepu kwenye pini. Usitumie adapta ya pini mbili. Fanya haya:

Kwanza, chomeka vifaa vyote vinavyoungana kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni hiyo kwenye soketi moja. Duara linapungua kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa kiganja. Mfumo wetu wote hauzidi wati 500, na plagi ya fyuzi ya ampea 13 hubeba karibu wati 3000, kwa hiyo usiogope kuijaza. Pima ekstensheni kwanza, ikiwa imechomolewa: multimita kwenye ohm, ncha moja kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye tundu la ethi. Isome chini ya ohm 1. Ekstensheni nyingi za bei poa zina tundu la ethi ambalo ndani halijaungwa na kitu.

Pili, hakikisha ethi ya nyumba ipo. Kazi hii ya kupima soketi yenye umeme mwachie fundi umeme kama hujawahi. Laivu na nyutro zisome kama 230, laivu na ethi vilevile, nyutro na ethi chini ya volti 2 au 3. Laivu na ethi zikisoma 80 au 110, ethi hiyo inaelea. Nondo iliyochomekwa kwenye mchanga mkavu au changarawe hupoteza mgusano wakati wa kiangazi, na wenye nyumba hawajui mpaka mtu apigwe shoti.

Tatu, shughulikia king'amuzi. Kebo ya dishi au antena hugusa nguzo, ukuta, wakati mwingine ethi ya jirani kwenye dishi la pamoja. Fungua skrubu ya kebo ya antena kwenye king'amuzi huku mvumo unaendelea. Ukikatika hapo hapo, weka kitenganishi cha antena kwenye kebo hiyo; kwa dishi, hakikisha ni kile kinachopitisha volti za kulisha kichwa cha dishi. Au tumia njia safi zaidi: toa sauti ya televisheni kwa kebo ya mwanga hadi kwenye kifaa kidogo cha DAC, kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kawaida. Mwanga haubebi ethi.

Nne, kompyuta. Ichomoe chaja, icheze kwa betri. Mvumo ukienda, weka transfoma ndogo za sauti za uwiano wa 1:1, kiloohm 10 kwa 10, kwenye njia yake. Zinauzwa zikiwa ndani ya kiboksi chenye RCA, nyingi kwa ajili ya redio za magari. Zinafaa kwa kompyuta na king'amuzi. Usiziweke kati ya kicheza santuri na fono, na usiweke kiboksi hicho karibu na transfoma ya amplifaya, maana nacho ni koili.

Ikishindikana yote, fundi anaweza kutenganisha njia ya muziki na chasisi ndani ya amplifaya kwa rezista ya ohm 10 iliyozungukwa na diodi za brigi ya ampea 35. Chasisi inabaki kwenye ethi kikamilifu. Muziki pekee ndio unaoinuliwa. Kazi hii ni ya mtu anayejua kutoa chaji kwenye kapasita za volti 450, ambazo hung'ata hata amplifaya ikiwa imechomolewa tangu jana.

Chaja, rauta, feni na invata

Chaja za simu na taa za LED hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Hazileti mvumo wa 50 Hz, huleta mkwaruzo na miluzi, na huua kabisa redio ya AM. Ziondoe kwenye ekstensheni ya muziki. Pete ya feraiti ya kubana huwekwa kwenye waya wa chaja, karibu na chaja, na nyingine kwenye kebo ya sauti, karibu na mlango wa amplifaya. Waya ukipita mara tatu ndani ya pete, kizuizi huwa karibu mara tisa ya kupita mara moja, kwa hiyo tafuta pete yenye tundu kubwa. Rauta na simu zikae mita 1 au zaidi kutoka kwenye ECC83 na fono.

Regyuleta ya feni ya dari ya kielektroniki, ile yenye kitufe kinachozunguka bila hatua, hukata wimbi la umeme na kutoa nyuki wa 100 Hz. Ipeleke feni kwenye kasi ya mwisho usikie: ukali ukipungua, umemjua. Regyuleta ya hatua tano yenye kapasita haina tabia hiyo.

Kwa wanaotumia sola, invata ya wimbi la ngazi hufanya transfoma ya amplifaya ivume na kupata moto, na hakuna mpangilio wa rafu utakaouponya. Inahitajika ya wimbi safi.

Mvumo kiasi gani ni mwingi?

Zima muziki, weka sauti pale unaposikilizia, chagua mlango wa fono, na upime volti za AC kwenye vituo vya spika kwa multimita yenye kipimo cha milivolti za AC. Zile za bei ndogo zinazoanzia volti 200 hazitaona kitu. Chini ya milivolti 1 ni kimya kwa karibu spika zote. Ikipita 5, spika nyeti za desibeli 100 zitavuma ukiwa umekaa, wakati za desibeli 86 huenda zisikusumbue. Iandike namba hiyo nyuma ya amplifaya kwa penseli pamoja na tarehe. Mwakani ikiwa imepanda na hakuna kilichosogezwa, acha rafu na kebo zilivyo, umpelekee fundi aangalie kapasita za pawa.